Wageni Wangu Ndani ya Majoho ya Kwaya

Kwa mliokosa wiki jana nitasema kwa kifupi, maana sufuria iko motoni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina stashahada ya upishi wa hoteli, na nina mdomo. Ni huo mdomo ulionitia matatani. Siku moja niliuliza kanisani kwa nini tunawaombea wenye njaa kila Jumapili na hatuwapikii hata siku moja. Watu wote wakageuka kunitazama. Wiki iliyofuata nilikuwa na upawa mkononi, na ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa watu wasio na chakula wala pa kulala.

Tangu hapo mmeyasoma yaliyonipata. Jiko lililipuka, pazia likaungua, na mjumbe mmoja wa baraza la kanisa akakalia bakuli la supu ya moto. Wiki jana tuliishia pale Mzee Funguo aliposimama mbele ya baraza zima.

Mzee Funguo ndiye mtunza ukumbi. Fungu la funguo linaning'inia kiunoni mwake, nawe humsikia kabla hujamwona. Alisimama, akakohoa, akasema neno moja.

"Wananuka."

"Nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hao wageni wako. Wakiondoka, viti vinanuka, mapazia yananuka, hata kinanda kinanuka. Ukumbi huu ni wa kwaya na harusi."

"Na wao wakale wapi?"

"Mji ni mkubwa, mama."

Baraza likaamua hivi: Jumamosi Baba Askofu atakuja kuukagua ukumbi kwa macho yake na pua yake. Akiona haufai kwa kazi hii, unafungwa. Hakuna jiko tena, hakuna meza.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mume wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Nataka kufua."

"Kufua nini?"

"Kanisa."

Hakuuliza tena. Tumeoana siku nyingi.

Wifi yangu ana duka la dobi mtaa wa pili, lenye mashine moja kubwa ya kufulia ambayo anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Ijumaa nikamwendea.

"Wifi, nakuomba mashine kesho."

"Ya nini? Nguo za ndugu yangu zimekushinda?"

"Nguo za ndugu yako zilinishinda siku nilipomwona amezivaa. Nataka kufua nguo za wageni wangu wa Jumamosi."

Akaweka pasi chini. "Wale wa barabarani? Kwenye mashine yangu?"

"Hao hao."

"Wifi, wewe una wazimu."

"Ndiyo. Saa ngapi?"

Akashusha pumzi. "Lete asubuhi. Na sabuni yako mwenyewe. Na mtu asijue."

Asubuhi nilifika ukumbini mapema. Supu ya dengu ilikuwa inachemka, mikate imekatwa, meza zimefunikwa vitambaa. Chuoni tulifundishwa kwamba mgeni hasimamishwi foleni na sahani mkononi, anakaribishwa mezani. Kwa hiyo wageni wangu hukaa, mimi ndiye nazunguka.

Walipokwisha kaa, nikapiga upawa kwenye sufuria.

"Sikilizeni. Leo anakuja mkubwa. Kabla ya kula, wanaume chumba kile, wanawake chumba hiki. Kuna maji ya moto, sabuni na taulo. Nguo zote mnipe mimi, zinakwenda kufuliwa, mtazipata kabla ya saa kumi."



Aliyesimama kwanza ni Jenerali. Hajawahi kuwa mwanajeshi, ila hupiga saluti kwa kila mtu hata mbwa, na jina limemganda. "Mama," alisema, akapiga saluti, "tukishavua, tutavaa nini?"

Nikiwa mkweli, hilo sikuwa nimelifikiria. Nina stashahada, lakini hilo lilinipita.

Nikaangaza macho. Ukumbi hauna kitu zaidi ya meza, viti, kinanda na kabati la kwaya. Nikalifungua kabati. Humo ndani yalikuwa yamening'inia majoho ya zambarau yenye kola nyeupe, yamepigwa pasi, yananukia maua.

"Mtavaa haya," nikasema.

Jenerali alipiga saluti mara mbili.

Tabu ilikuwa kwa Bibi Mifuko. Ni mwanamke mzee, mwembamba, mwenye koti zito ambalo halivui hata jua likiwa kali, na mifuko miwili isiyoachana na mikono yake. Wengine wote walikuwa wameoga, yeye bado amekaa.

"Bibi, koti."

"Halitoki."

"Nitalirudisha."

"Ndivyo walivyosema waliochukua kitanda changu."

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Bibi, nikikosa kulirudisha koti lako, utachukua langu. Lile pale ukutani, la kijani. Lina mifuko minne."

Akaligeukia. Akalitazama vizuri, kama mtu anayenunua.

"Lina bitana?"

"Lina bitana."

"Lilete kwanza nilishike."

Nikampa. Akaliweka magotini, akavua lake, akaenda kuoga na koti langu chini ya kwapa. Alipotoka amevaa joho la zambarau, nywele zake nyeupe zimechanwa, nilishindwa kumtambua. Alikuwa kama mama mkwe wa mtu tajiri.

Nguo zikaenda kwa wifi kwenye toroli. Nikapakua supu. Nikanusa hewa kila pembe. Sabuni na dengu, basi. Nikasema moyoni, Mzee Funguo, leo nimekuweza.

Simu ikalia.

"Wifi," alisema wifi yangu, kwa sauti ya mtu anayeanza mbali. "Umeme umekatika."

"Toa nguo uanike."

"Mashine imejifunga. Ikikatikiwa katikati haifunguki mpaka umeme urudi. Nguo ziko ndani, naziona kwenye kioo, zinaniangalia."

"Vuta mlango!"

"Nivunje mashine yangu? Kwa ajili ya soksi za Jenerali?"

"Wifi, Baba Askofu anakuja saa kumi!"

"Basi umwombee umeme," akasema, akakata.

Nilikuwa bado nimeikodolea macho simu mlango ulipofunguliwa. Akaingia mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, amevaa kanzu nyeusi yenye vifungo vingi na msalaba kifuani. Vumbi limejaa viatuni.

"Bwana asifiwe. Nimewahi kidogo," alisema. "Natumaini sijawakatiza."

Saa kumi ilikuwa mbali sana.

Baba Askofu alisimama mlangoni, akautazama ukumbi: meza zenye vitambaa, mabakuli yanafuka moshi, na watu walionyooka ndani ya majoho ya zambarau. Uso wake ukachanua.

"Kwaya!" akasema. "Nanyi mnakula pamoja kabla ya mazoezi. Hili nimelipenda sana."

Nikafungua mdomo. Jenerali akawahi kupiga saluti. Baba Askofu akacheka, naye akamrudishia saluti, akavuta kiti akakaa katikati yao.

"Mama, kuna bakuli la mgeni?"

Nikampakulia. Niliwaza: nyamaza. Ale, anuse, aende zake. Ukumbi unanukia, watu wametulia, unataka nini tena?

Alikula vizuri, ila wenzake walimshinda. Mikate ilikuwa inapotea mezani kama mazingaombwe.

"Aisee, kwaya hii inakula!" akasema.

"Tunaimba kwa nguvu, baba," akajibu Bibi Mifuko bila kupepesa macho.

Nikamkanyaga chini ya meza. Akanikanyaga na yeye.

"Basi niimbieni," akasema Baba Askofu.

Watu wale hawajawahi kuimba pamoja maishani mwao. Walitazamana. Jenerali akasimama, wote wakasimama. Wakanong'ona. Kisha Bibi Mifuko akaanzisha, kwa sauti nyembamba isiyotikisika, na wengine wakadaka.

Ulikuwa wimbo wa mazishi.

Baadaye niliwauliza kwa nini. Wakaniambia ndio wimbo pekee wanaoujua wote, kwa kuwa mazishini kuna chakula na hakuna anayekuuliza nani amekualika. Lakini wakati ule sikuwa najua. Nilisimama na upawa wangu nikisikiliza wimbo wa kumzika mtu, ubeti baada ya ubeti, na nikasema kimoyomoyo kwamba maiti ni mimi.

Walipomaliza, Baba Askofu alikuwa amefumba macho. Akayafumbua polepole.

"Sijawahi kukaribishwa kwa wimbo huo," akasema. "Lakini umeimbwa na watu wanaojua maana yake." Akafuta mdomo, akanigeukia. "Sasa, mama. Nimeitwa kwa sababu ya wenye njaa. Nimeambiwa wanajaa humu, wanachafua, wananuka. Wako wapi?"

Nikaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Hawaji tena?"

"Baba..."

"Maana nikisema ukweli," akaendelea, na hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia, "ukumbi huu ni safi kabisa, nami nashukuru. Ila kama wenye njaa hawapo, na jiko linapikia kwaya tu, basi mtunza ukumbi wenu yuko sahihi. Sina sababu ya kuuacha wazi kila Jumamosi. Nitaandika kwamba kazi imekwisha, vyema na kwa amani."

Jamani. Niliwaosha ili wasifukuzwe, na sasa walikuwa wanafukuzwa kwa sababu wameoshwa.

Nikawatazama. Jenerali ameinamisha kichwa. Bibi Mifuko ameshika koti langu la kijani kwa mikono miwili. Waliniachia mimi, mwenye mdomo.

"Baba Askofu," nikasema, "umekaa katikati yao."

"Katikati ya nani?"

"Ya wenye njaa. Hawa ndio. Hakuna kwaya hapa. Nguo zao ziko kwa dobi, umeme umekatika, mashine imefunga mdomo. Nimewavisha majoho bila ruhusa ya mtu yeyote. Wao hawana kosa, walinivulia kwa sababu niliwaamrisha. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi, na unikasirikie haraka kwa sababu supu inapoa."

Baba Askofu alimtazama aliye kulia kwake, kisha aliye kushoto. Akatazama bakuli lake. Nilidhani atasimama. Badala yake akalipangusa kwa kipande cha mwisho cha mkate, akakila.

"Mama, ulitaka nione nini?" aliuliza bila ukali.

"Nilitaka usiwanuse, baba."

"Kwa hiyo ukawaficha."

"Nikawaosha."

"Ukawaosha, halafu ukawaficha. Uliponiona nimekosea, ulinyamaza mpaka nimemaliza supu."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nikavaa uso wa kazi.

"Hapa kila anayekula huosha bakuli lake," nikamwambia. "Jiko liko kule."

Bibi Mifuko alishika kinywa. Baba Askofu akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akakunja mikono ya kanzu, akachukua bakuli lake na la Jenerali, akaingia jikoni. Nikasikia maji yanamwagika.

Na ndipo niliposikia funguo.

Mzee Funguo aliingia kwa kishindo, akasimama kama aliyepigwa kofi. Aliyatazama majoho. Akawatazama waliomo ndani yake.

"Majoho!" akasema. "Ya kwaya! Mmewavalisha hawa?"

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Usinishikamoo! Kwaya iko njiani inakuja mazoezini, Askofu anafika saa kumi, na wewe umewavisha wavuta gundi na walalahoi nguo takatifu!"

"Hakuna mvuta gundi hapa. Na sema polepole, kuna mtu—"

"Sisemi polepole!" Alikuwa amesimama karibu kabisa na dirisha la kupakulia chakula, lile linalotazama jikoni. Maji huko ndani yaliacha kumwagika. "Nilisema tangu mwanzo. Mtu wa namna hii ukimpa kiti, kesho anataka meza. Ukimpa meza, keshokutwa anataka kitanda. Mtaona, watalala humu! Ukumbi utakuwa gesti!"

"Mzee, nakuomba, hebu geuka—"

"Sigeuki! Namsubiri Askofu aje ayaone haya haya, kama yalivyo. Joho hata moja halitoki hapa. Nakwenda kuliita baraza."

Akatoka. Mlango ukabamizwa. Tukasikia mnyororo, tukasikia kufuli likibana, kisha funguo zikilia kuelekea barabarani mpaka zikapotea.

Baba Askofu akachungulia kwenye dirisha la kupakulia, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Ametufungia?" akauliza.

"Ametufungia, baba."

"Hakujua nimo?"

"Nilijaribu kumwambia."

Akajipapasa. "Nimeacha simu kwenye gari. Gari liko kwa fundi."

Yangu nayo ilikuwa imezima. Nilikuwa nimetumia chaji yote kugombana na wifi.

Bibi Mifuko akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, mpaka machozi yakamtoka. "Karibu, baba," akamwambia. "Sisi kufuli tunalijua kwa upande ule mwingine tu. Huku ndani ni mara ya kwanza."

Hakuna aliyecheka naye. Hata Jenerali alishusha mkono uliokuwa njiani kwenda kichwani. Baba Askofu alitoka jikoni, akajifuta kwa taulo, akaketi mbele ya Bibi Mifuko.

"Nimemsikia yule mzee," akasema. "Nimesikia kila neno. Na nimekula nanyi. Mama, nadhani najua la kuandika."

Naapa nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Mimi sina haraka," Baba Askofu akaongeza, "ila nina ibada jioni. Tutatokaje?"

"Msihangaike," akasema Bibi Mifuko, akijifuta macho, bado ana furaha. "Stoo ile, nyuma ya viti vya harusi, kuna dirisha. Komeo lake halishiki. Ukilisukuma chini na kuinua, linafunguka. Mimi hupita hapo kila asubuhi."



Jenerali alifumba macho. Nami nilihisi tabasamu linanikauka usoni kama unga wa ngano uliokandwa ukasahauliwa.

"Kila asubuhi, bibi?" Baba Askofu akauliza polepole. "Na jioni?"

Ndipo Bibi Mifuko alipotambua amesema nini. Alilikumbatia koti langu. Lakini hakudanganya.

"Jioni naingilia hapo hapo," akasema. "Nalala kati ya viti. Sigusi kitu. Nikiamka nafagia."

Sasa niambieni. Kwa muda wote huu, kila nikifika ninaukuta ukumbi umefagiwa. Nilidhani ni Mzee Funguo.

Baba Askofu alinigeukia. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka.

"Mama, ulilijua hili?"

"Sikulijua, baba."

"Nakuamini. Lakini yule mzee nje alisema watalala humu, nami nilikuwa najiandaa kuandika kwamba amesema uongo." Akakunjua mikono ya kanzu, upande mmoja, kisha wa pili, akafunga vifungo. "Sasa nina swali jingine. Ungelijua, ungefanya nini? Ungemtoa?"

Mnanijua. Nina jibu la kila kitu. Nina jibu la mume, la wifi, la baraza. Nilimtazama Bibi Mifuko ndani ya joho la zambarau, ameketi wima, hatazami mtu, anasubiri kama anayesikiliza hukumu inayosomwa. Nikiwaza kusema ningemtoa, nilimwona barabarani usiku ule ule, hana hata koti lake. Nikiwaza kusema ningemwacha, nilimwona Mzee Funguo akilibana kufuli lile kwa wageni wote, milele, na kanisa zima likimpigia makofi.

Nje zikasikika sauti za watu wengi. Baraza, na nadhani kwaya pia. Mbele yao funguo zikilia.

"Jibu kabla mlango haujafunguliwa," akasema Baba Askofu. "Nitakalowaambia wale nje, nitalitoa kwenye jibu lako."

Ufunguo ukaingia kwenye kufuli.

Bibi Mifuko akanyoosha mkono, akaliweka koti langu la kijani mezani mbele yangu, limekunjwa vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha watu kabla ya kuondoka.

Kufuli likalia ka, likafunguka.

Nikajibu. Nilichojibu mtakisoma wiki ijayo, maana sufuria bado iko motoni.